Sahihi ya Mama Teresa kwenye mpira wa besiboli

Wadau, kuna mpira mmoja wa besiboli ambao kila nikiufikiria nacheka peke yangu. Ni mpira wa kawaida kabisa, mweupe, mishono myekundu, ukubwa wa chungwa. Juu yake kuna sahihi ya Mama Teresa. Ndiyo, yule yule mtawa wa Calcutta. Makachero wa FBI waliukuta mwishoni mwa miaka ya 1990 walipokuwa wanawasaka watu wa California waliokuwa wanaghushi sahihi za wanamichezo. Kwamba mtu aliweza kughushi sahihi ya mtawa, hilo halinishangazi. Kinachonishangaza ni kwamba aliyeughushi aliamini atapatikana mnunuzi asiyejiuliza Mama Teresa alikutana na mpira wa besiboli wapi.

Kiswahili chetu kina utani wake hapa. Neno "sahihi" ni lile jina unaloandika kwa mkono wako, na ni hilo hilo lenye maana ya jambo la kweli lisilo na kosa. Kwa hiyo leo nazungumzia sahihi zisizo sahihi. Najua wengi wenu ni watu wa Simba na Yanga, na Jumamosi mnahamia Uingereza kwa njia ya televisheni. Besiboli hamna habari nayo. Vumilieni kidogo, kwa sababu huko ndiko uchunguzi wa mambo haya ulikokomaa, na mwisho wa safari tutafika hapa hapa Dar es Salaam.

Katikati ya miaka ya 1990, ofisi ya FBI ya Chicago ilianza kufuatilia vitu vyenye sahihi bandia za wanamichezo wa mji huo, hasa Michael Jordan. Operesheni hiyo waliiita Foul Ball. Watu wakanaswa, na katika kuhojiwa wakapatikana walioamua kusema: hapa mnakata matawi, shina liko kusini mwa California. Mwaka 1997 ofisi ya San Diego ikaanzisha operesheni yake, ikaiita Bullpen. Jina lina mchezo wa maneno. Bullpen ni pale warushaji wa besiboli wanapopashia misuli kabla ya kuingia uwanjani, na ndani yake limo neno la Kiingereza la kalamu. Makachero nao wana ucheshi wao.

Huko huko San Diego alikuwepo Tony Gwynn, mchezaji wa Padres tangu 1982 hadi alipostaafu 2001. Watu wa ligi wenyewe husimulia kwamba Gwynn aliona katika duka la timu yake mwenyewe vitu vyenye sahihi yake, akavitazama, akajua mara moja kwamba hakuviandika yeye. Hebu fikiria. Unaingia dukani kwa mwajiri wako, unakuta jina lako linauzwa, na mkono ulioliandika si wako.

Makachero walijifanya wafanyabiashara wanaonunua bidhaa za michezo kwa ajili ya soko la Asia. Hila hiyo ilikuwa nzuri, maana muuzaji akiamini mali yake inakwenda mbali ng'ambo ya bahari, hana wasiwasi kwamba itarudi kumuumbua. Oktoba 1999 wakavamia. Mkono uliokuwa kiini cha genge ulikuwa wa mtu mmoja aitwaye Greg Marino, ambaye aliweza kuandika jina la mchezaji yeyote, aliye hai au aliyekufa, na aliandika kwa maelfu. Wengine walikuwa wasambazaji, wengine wenye maduka, na wengine kazi yao ilikuwa kutoa vyeti vya kuthibitisha kwamba sahihi ni halali. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, kesi zilizotokana na Bullpen zilikuwa zimewatia hatiani watu 63 na kuvunja magenge 18. Watu wa ndani ya biashara hiyo waliwaambia FBI kwamba kwa majina yanayotafutwa sana, zaidi ya nusu ya kilichokuwa sokoni kilikuwa feki.

Sasa, unamjuaje mghushi? Tuanze na wajinga, maana ndio wengi.

Mjinga husahau miaka. Mipira rasmi ya besiboli ya Marekani ilikuwa inachapwa jina la rais wa ligi aliyekuwa madarakani. Kwa ligi ya American, Will Harridge alikuwa rais kuanzia 1931 hadi 1959, akafuatiwa na Joe Cronin hadi 1973. Babe Ruth, ambaye kwa Wamarekani ni kama Pelé kwetu sisi wa soka, alifariki tarehe 16 Agosti 1948. Ukiletewa mpira wenye jina la Cronin na sahihi ya Ruth, huna haja ya darubini. Maiti haisaini.

Kalamu nayo ina tarehe ya kuzaliwa. Kalamu ya kichwa cha kitufe, hizi tunazoziita biki, ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945 katika duka la Gimbels, New York, kwa dola 12.50, na watu wakajipanga foleni. Lou Gehrig, mwenzake Ruth, alifariki Juni 1941. Basi sahihi ya Gehrig kwa biki ni kichekesho. Kalamu ya wino mzito ya Sharpie, ambayo siku hizi ndiyo kila mchezaji anapewa, ilitoka 1964. Karatasi je? Kuanzia takribani miaka ya 1950 viwanda vilianza kutia kemikali za kung'arisha karatasi, na kemikali hizo huwaka rangi ya samawati chini ya taa ya zambarau, ile ile wanayotumia benki na maduka ya kubadilisha fedha kukagua noti. Picha inayodaiwa ya mwaka 1927 ikiwaka kama disko, funga mjadala.

Hata mazoea ya mtu yana miaka yake. Ruth alikuwa akiliweka neno "Babe" ndani ya alama za mtajo, kwa kuwa ni jina la utani, mpaka karibu 1930, kisha akaacha. Anayeghushi mpira wa 1922 bila alama hizo hakusoma somo lake.

Wajanja ni habari nyingine. Mjanja hununua kitabu cha zamani ili achane kurasa tupu za mwanzo na mwisho, apate karatasi ya miaka ile ile. Genge la California lilikuwa likipaka mipira aina ya vanishi iitwayo shellac ionekane imezeeka. Kwa hiyo kitu chenyewe kinaweza kupita mitihani yote niliyoitaja, na hapo unabaki na wino peke yake, na mkono uliouweka.

Hapa ndipo mada inaponoga. Mtu akiandika jina lake haandiki herufi. Anafanya mwendo mmoja aliouzoea kama alivyozoea kupanda ngazi za nyumbani kwao gizani. Kalamu inashuka ikiwa tayari inakwenda, na inanyanyuka ikiwa bado inakwenda, kwa hiyo mwanzo na mwisho wa mstari huwa mwembamba, kama mkia wa panya. Mghushi anachora. Anaweka kalamu, anafikiri, anaanza, anasita kwenye kona, anainua, anarudia. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia unaona ncha butu mwanzoni na mwishoni, wino uliotuama pale alipopumzika, mtetemeko mdogo katika mistari mirefu, na mahali alipogusiagusia kurekebisha. Umbo linaweza kuwa zuri kuliko la mwenyewe. Kinachokosekana ni mwendo.

Na usitarajie sahihi mbili za mtu mmoja zifanane kabisa. Zikifanana kabisa, mojawapo imenakiliwa! Hili lilipigiwa hesabu mahakamani zamani, huko Massachusetts mwaka 1868, katika kesi ya wosia wa mwanamke tajiri aitwaye Sylvia Ann Howland, aliyefariki 1865. Mpwa wake alileta karatasi ya ziada yenye sahihi ya shangazi, na ikaonekana sahihi hiyo inalingana mno na nyingine, mstari kwa mstari. Profesa wa hisabati wa Harvard, Benjamin Peirce, na mwanawe Charles walichukua sahihi 42 za bibi huyo, wakalinganisha kila moja na kila nyingine kwa mistari 30 ya kushuka. Peirce akaiambia mahakama kwamba uwezekano wa sahihi mbili za kweli kulingana katika mistari yote 30 ni mmoja kati ya 5 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 30, yaani tarakimu ambayo hata kuitamka ni taabu. Wataalamu wa takwimu bado wanabishana kuhusu hesabu ile, na kesi yenyewe iliamuliwa kwa hoja nyingine ya kisheria. Lakini wazo lilibaki, na ndilo linalowaumbua leo wanaotumia mashine ya kusaini, ambayo hutoa sahihi zile zile kama mhuri.

Basi, ukishajua hayo unajiona mtaalamu. Subiri kwanza ukutane na Joe Jackson.

Joseph Jackson, maarufu kama "Shoeless Joe", yaani Joe Pekupeku, alizaliwa 1887 South Carolina katika familia maskini. Akiwa mtoto mdogo aliingizwa kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, shule hakwenda, na kusoma na kuandika hakujua mpaka kufa. Alikuwa mmoja wa wapigaji bora kabisa waliowahi kushika gongo. Mwaka 1921 alifungiwa maisha, pamoja na wenzake saba wa Chicago White Sox, kwa kashfa ya kuuza fainali za 1919. Alifariki Desemba 1951 akiwa bado kwenye orodha hiyo, na jina lake liliondolewa Mei 2025, zaidi ya miaka 73 baada ya kuzikwa.

Mtu kama huyo hapa kwetu angeletewa kidau cha wino aweke dole gumba, mambo yaishe. Lakini mashabiki hawaombi dole gumba. Mkewe, Katie, alikuwa anajua kuandika, na ndiye aliyejibu barua na kusaini kwa niaba yake. Joe mwenyewe alijifunza kulichora jina lake kwa kufuatisha mfano, na alifanya hivyo pale tu alipobanwa, kwenye mikataba na nyaraka za kisheria. Ndiyo maana sahihi zake ni adimu kuliko za karibu mchezaji yeyote wa enzi zake. Oktoba 2021 picha yake moja ya mwaka 1911 aliyoisaini iliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 1.47.

Umeona tatizo? Kila nilichokuambia juu hapo kinageuka kichwa chini. Kusita, mtetemeko, kalamu kuinuliwa katikati ya herufi, vyote ni dalili za mghushi, na vyote vimo katika sahihi ya kweli ya Joe Jackson, kwa sababu hata yeye alikuwa anachora. Ukiletewa sahihi yake iliyoandikwa kwa mwendo wa kasi na mkono uliotulia, hapo ndipo uanze kuogopa. Halafu kuna zile za Katie, zimetoka nyumbani kwao kabisa, kwa wino wa wakati ule, kwenye barua za kweli, zikiandikwa na mke kwa ruhusa ya mume. Si feki kwa maana ya utapeli. Hakuna aliyeibiwa siku ile. Wizi unaanza miaka mingi baadaye, pale mtu anapoiuza barua hiyo akisema ni mkono wa Joe. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu yenye utamu kuliko yote, kwa sababu haina mtu mbaya wa kumnyooshea kidole, ila kitu kinapita mikono mingi na maneno yanabadilika kidogo kila mkono.

Nirudi kwenye vyeti. Baada ya aibu ya Bullpen, ligi kuu ya besiboli ilianzisha mwaka 2001 utaratibu wake wa uthibitisho, na naupenda kwa sababu hauangalii sahihi hata kidogo. Unaangalia shahidi. Mtu aliyeteuliwa, mara nyingi askari polisi mstaafu au aliye nje ya zamu, anakaa pale mchezaji anaposaini, anaona kwa macho yake, na papo hapo kitu kinabandikwa stika inayong'aa yenye namba. Kama hakuona, habandiki, hata kama mchezaji mwenyewe anaapa. Waandishi wa habari tungekuwa na masharti hayo, magazeti yangetoka kurasa nne!

Lakini stika nayo ni kitu, na kitu kinaghushiwa. Julai 2025 polisi wa Indiana walikwenda kupekua mali ya mfanyabiashara mmoja wa bidhaa hizi wakamkuta amekufa. Ujumbe uliowekwa kwenye Facebook kwa jina lake ulidai kwamba alikuwa ameuza vitu bandia zaidi ya milioni 4 vyenye thamani ya dola milioni 350, akitumia stika za kughushi za makampuni makubwa. Wenye ujuzi wa soko hilo wanazitilia shaka tarakimu hizo, nami pia, maana mtu anayejisifu kwa uongo wa maisha yake yote si shahidi mzuri wa hesabu zake.

Sasa tufike nyumbani. Februari 1980 Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam. Alikuwa India kwa shughuli za hisani Rais Jimmy Carter alipomtuma aje kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan Desemba 1979. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, akaona ni dharau kumtuma bondia kwa jambo la dola. Waandishi wetu wakambana Ali kwa maswali: mbona Marekani haikutuunga mkono mwaka 1976 Afrika iliposusia Montreal kwa ajili ya Afrika Kusini? Ali hakuwa na habari hiyo, na alisema hivyo. Akaendelea Nairobi, ambako Kenya ilisusia. Sisi tulikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha, ambazo mpaka leo ndizo pekee tulizo nazo za Olimpiki.

Kwa hiyo Ali alipita hapa, na watu walimwona. Katika mtaa ninaoishi kuna mzee ana karatasi iliyotoka kwenye daftari la shule, imeandikwa jina la Ali kwa biki ya bluu. Anasema aliipata siku zile. Kijana wake alikuja kwangu, akasema, "Kaka, wewe ni mwandishi, nisaidie. Kuna mtu mtandaoni anasema atatuuzia cheti, na kikiwa na cheti hiki kitu ni maelfu ya dola." Alikuwa na shida ya kweli: mzee anahitaji kufanyiwa upasuaji wa macho, na hiyo karatasi ndiyo mali waliyonayo ambayo wangeweza kuiuza bila kulia.

Nilimwambia asinunue. Mtu anayeuza cheti kabla ya kuiona karatasi anauza karatasi nyingine tu, na siku mnunuzi atakapogundua cheti ni feki, hataamini tena kilicho chini yake hata kama ni cha kweli. Nikamwambia pia, na hili nawaambia na ninyi, asiipeleke kupigwa lamination! Najua tunavyopenda kuhifadhi vyeti vya shule kwa plastiki. Ile plastiki ya moto ikishashika, hakuna tena mtu atakayeweza kuuchunguza wino na alama ya kalamu kwenye karatasi.

Kuhusu sahihi yenyewe, mwaka unasaidia. Ali alitangazwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, na mkono wake ukabadilika taratibu, herufi zikawa ndogo, zikabana, zikatetemeka. Alipokuja Dar alikuwa na miaka 38, na sahihi zake za wakati ule ni kubwa, zina kasi. Iliyo kwenye daftari ni kubwa na ina kasi. Hilo halithibitishi kitu, maana aliyeghushi angeweza kujua hayo. Ila ingekuwa ndogo na yenye kutetemeka, tungekwisha siku ile ile. Hatua ya kufuata ni kuilinganisha na sahihi zake zenye tarehe ya 1979 na 1980, kazi ya mtu aliyeziona mamia, na huyo si mimi.

Ninachoweza ni kazi yangu. Nilikwenda kwa mzee jioni, nikamwamkia, nikamwomba asimulie yote bila haraka, nami niandike. Magazeti ya Uhuru na Daily News ya mwezi ule yapo maktaba, na alichosema kinaweza kupimwa humo: alikuwa wapi, walikuwepo akina nani, Ali alivaa nini. Nilimuuliza tarehe. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, tarehe siikumbuki. Andika asubuhi, na kulikuwa na joto." Nikaandika hivyo hivyo, akasaini chini.